Kitabu Nilichokivusha kwa Ulimi Wangu

Mwanangu Zuhura,

Umekwenda Pongwe kuwaaga shangazi zako, na ninavyowajua, hawatakuachia mpaka ule kwanza, kisha wakufungie kingine cha njiani. Nina saa tatu, labda nne. Nimemwomba binti wa jirani aniwekee meza karibu na dirisha na mto wa kuegemea, kisha nikamwambia aende zake. Naandika mchana kwa sababu taa inaniumiza macho, na usiku pumzi yangu huwa ndogo zaidi.

Haya ninayoandika yalitakiwa yasemwe kwa mdomo. Lakini wewe ulikuwepo daktari aliposema moyo wangu umepanuka, na wewe ndiye unayehesabu mito mgongoni mwangu. Sasa hivi nasema maneno manne, nikijitahidi sana matano, kisha nasubiri hewa irudi. Habari hii haisemeki manne manne. Ningefika katikati, ungenihurumia, ungesema, "Pumzika, mama," na mimi ningeshukuru kupata kisingizio cha kunyamaza. Nimeshanyamaza vya kutosha.

Sitakuandikia habari ya maji ya kuchemsha, wala chandarua, wala namna ya kukaa na mwenye nyumba huko Maramba unakokwenda kufundisha. Umeniuguza miaka miwili. Hakuna la nyumbani ninaloweza kukufundisha tena. Nataka kukueleza habari ya katoni uliyoisukuma jana chini ya kitanda chako.

Jana alasiri ulimpokea Bi Zuhura mlangoni kama unavyompokea siku zote.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nipokee mzigo huu kabla sijavunjika kiuno. Vitabu vya kuwasomea watoto wako wa darasa la kwanza. Na hiki cha juu ndicho chenyewe, kimepigwa chapa upya. Mama yako alikisoma, watu wazima wakafumba macho kwa utamu. Saumu, shoga yangu, unakumbuka?"

Nikasema nakumbuka.

Wewe ulikishika kile kitabu kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota kitu mtaroni. Ukamshukuru kwa adabu, ukakirudisha, ukaisukuma katoni chini ya kitanda kwa mguu. "Hesabu nitawafundisha, somo," ukasema. "Hadithi atawasomea mwalimu mwingine."

Akacheka. "Bado tu! Mtoto wa msomaji maulidi, anaogopa kitabu cha picha!"

Na wewe ukacheka, kicheko kile chako cha kufunga mazungumzo, ukaingia jikoni. Mimi nikanywa chai. Nilikuwa na hewa ya kutosha kusema neno moja, na sikulisema. Usiku kucha nilikusikia ukipanga nguo zako, nikajua kwamba unaondoka na jambo ambalo si lako. Ni langu na la yule mwanamke ambaye jina lake nilikupa wewe.

Nianze na pumzi, maana kila kitu kilianzia hapo.

Unajua kwamba nilifundishwa kusoma maulidi na shangazi yangu, Bi Mwanakombo, kule kwetu Mtang'ata. Usilolijua ni kwamba hakunifundisha sauti. Alisema sauti kila mtu anayo, hata mbuzi. Alinifundisha mahali pa kuiba hewa. "Ivute wakati wanaitikia," alikuwa akiniambia, huku amenishika mbavu kwa mikono miwili. "Asikuone mtu. Ukivuta hewa kama uliyetoka kuzama, wataanza kukuonea huruma, na mimi sikukufundisha ili uonewe huruma." Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilipofika ishirini, niliweza kuchukua sentensi ndefu kama ukuta nikaipasua vipande vitatu, na msikilizaji asijue kwamba ilikuwa na nyufa.

Nilipokuwa mwalimu hapa Usagara, nilikwenda na ufundi huo darasani. Watoto wakanyamaza. Walimu wa vyumba vya jirani wakasimama dirishani kunisikiliza. Nilijisikia vizuri, mwanangu. Nakiri sasa kwa sababu ndiko kosa lilikoingilia: nilikuwa napenda kusikilizwa kuliko nilivyokuwa napenda vitabu.

Bi Zuhura alifundisha chumba cha pili. Tulikula sahani moja. Baba yako alipokuwa safarini, yeye ndiye aliyelala kwangu siku za mwisho za mimba yako, na ulipozaliwa, nikiwa mtu mzima ambaye watu walishaacha kumwulizia mtoto, yeye ndiye aliyekushika kabla yangu. Nikasema, "Basi awe somo yako." Akalia mpaka mkunga akamgombeza. Nakueleza hili ili usidhani kwamba yaliyofuata yalifanywa na mtu baki.

Ulipokuwa darasa la pili, Bwana Akbar, yule mzee mwenye duka la vitambaa, alijitolea kuwanunulia watoto wa shule kadhaa za mjini na vijijini vitabu vya hadithi vya kusomewa na walimu wao. Hakutaka kununua ovyo. Aliita walimu watano tukae ghorofani kwake kila Jumamosi kuchagua. Mama yake mzazi, bibi mmoja mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, alituletea kachori na chai ya tangawizi, kisha akakaa kwenye kona yake kusikiliza. Taratibu yetu ilikuwa rahisi, na ilinipendeza sana: mmoja anasoma kitabu kwa sauti, wengine wanafumba macho. Ukipotea, ukashindwa kujua nani anasema au wapi tumefika, unanyoosha mkono. Kitabu kikinyooshewa mikono mingi kinawekwa kando.

Taratibu nzuri. Tuliiharibu kwa jambo moja tu: msomaji nilikuwa mimi, kila Jumamosi, kila kitabu. Aliyependekeza ni Bi Zuhura. "Asome Saumu," alisema siku ya kwanza kabisa. "Sauti yake haichoshi, tutamaliza mapema." Kila mtu akaona ni busara.

Jumamosi moja Bi Zuhura akaleta kitabu kipya kilichopigwa taipu. Alisema kimeandikwa na mwalimu mmoja wa Pangani, marehemu sasa, na familia yake inatafuta wa kukisoma. Alinipa jioni ya kabla yake. "Jizoeze kidogo, shoga. Usije ukakwama mbele za watu." Nikajizoeza. Ilikuwa habari ya watoto wawili ndugu, Kijito na Kijoti, na kisima walichokatazwa. Nikaona mara moja kwamba kilikuwa kigumu. Majina mawili hayo, ukiyasema haraka, sikio haliwatofautishi. Mazungumzo yalikwenda ukurasa mzima bila kusema nani anasema. Na sentensi zake! Moja naikumbuka kwa moyo, na wewe pia unaikumbuka, naomba unisamehe kuiandika hapa:

"Kijito, ambaye alipokuwa amekwisha kumwona Kijoti aliyekuwa ameketi kando ya kisima kile walichokuwa wamekatazwa na bibi yao kukikaribia, alimwambia kwamba..."

Mwalimu mwaminifu angekirudisha pale pale, angesema, "Hiki hakisomeki." Mimi nilichukua penseli. Nikaweka alama za pumzi. Kijito nikampa sauti ya kukoroma, Kijoti nikampa ya puani. Na ile sentensi nikaivunja. Kesho yake ghorofani kwa Bwana Akbar nikasoma hivi: "Kijito akamwona Kijoti. Kijoti kakaa wapi? Kando ya kisima. Kisima kipi? Kile! Kile alichokataza bibi." Na kwenye kila "kile" nilinyoosha kidole, na nikavuta hewa wakati wanageuza shingo zao, ingawa macho wameyafumba.

Hakunyoosha mkono mtu yeyote. Bibi mwenye miwani ya uzi alipiga makofi.

Mmoja tu ndiye aliyesema neno. Mwalimu Mhina, Mbondei mmoja mpole, sauti ndogo, na ulimi wake ulikuwa unakwama akiharakishwa. Alifumbua macho akasema, "Mi-mimi naomba nijaribu ukurasa mmoja."

"Ewe Mhina," Bi Zuhura akamdakia, "hata daftari la mahudhurio linakushinda! Ukifika herufi ya M watoto wameshakwenda nyumbani."

Walicheka wote. Mimi nilicheka pia, na nilicheka kwa nguvu, kwa sababu nilikuwa nimetoka kusifiwa na sikutaka mtu ashike kile kitabu baada yangu. Mhina naye akatabasamu, akachukua kachori. Kitabu kikapita, kikapigwa chapa na kugawiwa shuleni.

Miezi michache baadaye nilikutana naye sokoni. Akaniambia, "Mwalimu, kile cha kisima kwangu hakikusomeka. Watoto wangu walilala. Nimeona hadithi niwaachie wenye ulimi." Nikamwambia avumilie, atazoea. Nilikuwa najua. Ningeweza kumwambia, "Ndugu yangu, hata kwangu hakikusomeka, nilikitengeneza." Nikamwambia avumilie.

Sasa nafika kwako.

Nilikuja nacho nyumbani, na nikakusomea. Ulikipenda. Ulikitaka kila siku baada ya magharibi, mpaka ukawa unanitangulia: "Kisima kipi? Kile!" Ulikijua chote kwa moyo. Basi siku ya wazazi ilipokaribia, ukiwa darasa la tatu, ukanyoosha kidole mwenyewe ukasema utasoma habari ya Kijito na Kijoti mbele ya watu. Bi Zuhura ndiye aliyekuwa akisimamia wasomaji. Nilitakiwa kukaa na wewe, kukifungua, kukuonyesha. Sikukaa. Nilijiambia kwamba mtoto anakijua.

Nilikuwa kiti cha mbele. Ulivaa soksi mpya. Ulianza vizuri sana, kwa maneno yangu, kichwa juu, na watu wakaanza kutabasamu. Ulipofika kisimani ukasema, "Kijoti kakaa wapi? Kando ya..." na Bi Zuhura akakukata kutoka pembeni:

"Soma kilichoandikwa, Zuhura. Usibuni."

Ukatazama ukurasa. Naona mpaka leo macho yako yakitafuta. Ulikuwa unatafuta maneno unayoyajua, na hayakuwepo. Ukanitazama mimi. Ungeweza kumtazama mtu yeyote katika uwanja ule, ukanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekupa yale maneno. Nikakuonyesha kwa kidevu: soma.

Ukasoma. "Kijito, ambaye alipokuwa amekwisha kumwona Kijoti aliyekuwa ameketi kando ya kisima kile wa... wali... walicho..." Na hapo hewa ikakuishia. Ukarudi mwanzo. Ikakuishia pale pale. Mara ya tatu watoto wakaanza kukuigiza, "wali, wali, wali na maharage," na wazazi wao wakawa wanacheka nyuma ya kanga. Somo yako akaja akakitwaa kitabu mkononi mwako, akasema kwa kicheko ili watu wasikie, "Mtoto wa msomaji, kigugumizi umekiokota wapi?"

Tulirudi nyumbani. Ulipovua viatu ukaniambia, nakunukuu neno kwa neno, "Mama, maneno yamebadilika."

Nami nikakujibu, "Kitabu hakibadiliki. Wewe ndiye hukujizoeza. Umeniaibisha."

Zuhura, maneno yalikuwa yamebadilika. Mimi ndiye niliyeyabadili. Ulisema kweli ukiwa na miaka tisa, nami mtu mzima, mwalimu, mama yako, nikakuambia uongo ili nisijulikane. Tangu siku ile hukusoma tena kwa sauti mbele ya mtu. Hata kwenye hitima ya baba yako ulisoma juzuu yako kimya, umeinamisha kichwa, na watu wakasema una haya. Ulichagua hesabu, nikasema mbele ya ndugu zangu kwamba umerithi akili ya baba yako. Nilijua ulikuwa unakimbia wapi.

Lakini wakati ule sikujua bado nusu ya pili. Nilidhani kosa ni langu peke yangu, la majivuno, na somo yako alikuwa mkali tu.

Ulikuwa umeshakwenda bweni wakati Bi Zuhura alipotengeneza paa lake. Aliniita nimsaidie kutoa vitu kwenye masanduku kabla mafundi hawajaja. Yeye akaenda jikoni kuchambua mchele. Katika sanduku la pili, chini ya mashuka, nikaona daftari la jalada la kijani, na ndani yake Kijito na Kijoti, tangu mwanzo hadi mwisho. Mwandiko wake. Mwandiko ninaoujua kuliko wangu. Nilifikiri, labda alikinakili. Kisha nikaona amefuta, ameandika upya, amepima jina hili na lile. Nikafika kwenye sentensi ya kisimani. Pembeni, kwa wino mwekundu kama anavyosahihisha insha, ameandika: "Ndefu. Lakini Saumu ataivusha."

Kulikuwa na nyingine mbili kama hiyo. "Saumu ataivusha." "Hapa Saumu atajua la kufanya."

Aliporudi, sahani ya mchele mkononi, nilikuwa nimeketi chini na daftari mapajani.

"Umekiandika wewe," nikasema.

Akatazama daftari, akatua sahani. "Ah. Hicho. Si ungeniuliza tu, shoga."

"Uliniambia marehemu wa Pangani."

"Ningesema changu, wangekichambua mpaka mifupa. Unamjua Mhina."

"Na hili je? Hili la pembeni?"

Akasoma mwandiko wake mwenyewe kama anasoma wa mtu mwingine. Kisha, Mungu shahidi, akatabasamu. "Si uliivusha? Mimi niliandika, wewe ukapigiwa makofi. Hebu niambie, nani kamdhulumu nani?"

"Na mtoto?"

"Mtoto gani?"

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yangu, kabla ya daktari yeyote. Hakuwa anajifanya. Hakukumbuka. Alikukata maneno mbele ya watu kwa sababu maneno uliyoyasema hayakuwa yake, kwa wivu wa mwandishi aliyesikia kitabu chake kikiboreshwa na mtoto, kisha akasahau. Alijua udhaifu wangu miaka yote ile, alijua napenda kusikilizwa, akaupima kama fundi anavyopima mbao, akaujengea juu yake. Tulipokula sahani moja alikuwa ananipima. Nilipokuwa nalia uchungu wako alikuwa ananijua hivyo hivyo.

Utaniuliza kwa nini hukuona mabadiliko. Kwa nini ameendelea kuja kila Ijumaa, na wewe ukampikia. Nimejiuliza sana. Kumtoa nje kungetaka nieleze sababu, na sababu ilikuwa inapitia kwangu. Ningelazimika kukuambia kwamba siku ile ulikuwa msema kweli. Basi nikamwacha akae, nikamchukia kwa chai na tambi, miaka yote hii, nikikuita jina lake mara mia kwa siku. Hiyo ndiyo adhabu niliyojipa, na haikumsaidia mtu.

Leo asubuhi ulipotoka, nilimwambia yule binti aivute katoni. Nikavaa miwani, nikakifungua kile kitabu kipya chenye rangi. Hajabadilisha hata nukta. Nikasema nitakisoma kwa sauti, nione.

"Kijito, ambaye alipokuwa..." Nikasimama. Hewa. "...amekwisha kumwona Kijoti..." Hewa. "...aliyekuwa ameketi kando..." Nikasimama tena, kitambo. Nikafika kwenye "kisima kile wali... walicho..." na sikuweza. Nikajaribu kuivunja kama zamani, nikagundua kwamba kuvusha nako kunataka pumzi, pengine kuliko kusoma. Nimekwama pale pale ulipokwama wewe, mwanangu. Neno lile lile. Nilikuwa peke yangu chumbani na nikaona aibu, nikawatafuta wa kunicheka. Nina miaka sabini na moja na nimeshasoma mbele za watu maisha yangu yote. Wewe ulikuwa na tisa, na uwanja mzima.

Ndipo nikaelewa kosa letu la ghorofani kwa Bwana Akbar. Mtu wa kupima kitabu alikuwa Mhina. Mwenye ulimi mzuri ndiye asiyefaa kabisa, kwa sababu kila kitabu kinywani mwake kinapona. Kitabu kipewe mwenye mafua, aliyechoka, aliyetoka shambani, mwenye kigugumizi, mgonjwa wa moyo. Kikimbeba huyo, kitambeba mwalimu yeyote saa sita mchana na watoto sabini mbele yake.

Hata kabla ya leo nilikuwa nimeanza kulihisi hilo: wiki hii, ukidhani nimelala, nimekuwa nafanya kazi. Vile vitabu vyangu vya kabatini nimevisoma kimoja kimoja kwa sauti ya chini, na pumzi hii mbovu. Palipoikata, nimeweka alama ya penseli. Vyenye alama nyingi nimeviacha hapo hapo. Vimebaki sita tu, vimo katika mfuko wa kitambaa cha kijani juu ya begi lako. Utaona ni vyembamba. Ni vyepesi pia, maana nilikumbuka kwamba mwalimu hukishika kwa mkono mmoja, kimewaelekea watoto, naye anasoma kwa upande, shingo imepinda. Kizito kinashusha mkono na chenye herufi ndogo kinakugeuza uso utazame wewe, wao wasione picha. Kimoja ni cha kuku aliyetagia kofia ya mwenye nyumba. Hicho nakipenda kuliko vyote. Kila ukurasa watoto wanatakiwa kujibu, "Kofia si kiota!" Wakijibu, unapata nafasi ya kuvuta hewa. Yule aliyekiandika simjui, lakini nadhani alikuwa na shangazi kama wangu. Na anayesema anatajwa kabla hajasema, kwa hiyo huhitaji sauti ya puani wala ya kukoroma. Watoto wengi wa Maramba wanasema Kidigo au Kishambaa kwa mama zao; wasibabaishwe kwanza na nani ni nani.

Ukikuta sentensi iliyokushinda huko, usiitengeneze kimya kimya ili uonekane hodari. Waambie watoto, "Hii ni mbaya, tuivunje pamoja." Nimelipa sana kuijua hiyo.

Kile cha kisima nimekirudisha ndani ya katoni na nikaomba ifungwe kamba. Ipo mlangoni. Bi Zuhura amesema atakuja kesho asubuhi kukusindikiza stendi. Sitamfanyia fujo; sina hewa ya fujo. Nimeshachagua nitakachosema, nimekipima, kinanitosha: "Chukua vitabu vyako, Zuhura." Maneno manne. Ukiwa karibu utashtuka kusikia jina lako limesemwa hivyo. Usishtuke. Nitakuwa namrudishia lake kwa mara ya mwisho. Baada ya hapo nikisema Zuhura nitakuwa nakuita wewe tu.

Sikuombi unisamehe kabla ya gari kuondoka. Msamaha wa haraka haraka, mgonjwa akiwa kitandani, nisingeuamini. Chukua barua hii, isome leo usiku, kisha ikukasirishe huko njiani. Una haki, na mimi nitakuwa nimestahili.

Naomba jambo moja. Gari la Maramba ni saa mbili. Kabla yake, akiwa hajafika mtu, njoo na kile cha kuku ukae ukingoni mwa kitanda changu, unisomee ukurasa mmoja. Soma vyovyote vile. Kwama, rudia, nong'ona ukitaka. Nitafumba macho kama tulivyokuwa tukifanya ghorofani, na nikipotea nitanyoosha mkono.

Mkono wangu ukinyooka, kosa ni la kitabu.

Mama yako,
Saumu